Eduardo Mondlane: Mtafiti wa Umoja wa Mataifa aliyegeuka kuwa kiongozi wa vita vya ukombozi

Mjini Maputo jina la Eduardo Mondlane halikwepeki. Barabara ndefu inayoukata mji imepewa jina lake, na chuo kikuu kikongwe kuliko vyote nchini Msumbiji kinaitwa kwa jina hilo tangu mwaka 1976. Kila Februari 3 Wasumbiji hupumzika kazini kuwakumbuka mashujaa wao, na tarehe hiyo iliteuliwa kwa sababu ndiyo aliyouawa yeye. Upande wa pili wa mto Ruvuma, nchini Tanzania, ambako alifanya kazi, akaishi na kuuawa, vijana wengi humjua kama mmoja tu katika orodha ndefu ya wapigania uhuru waliopitia Dar es Salaam. Lisilosemwa sana ni lile lililomtofautisha na wengi wa wenzake: kabla ya kuongoza vita, Mondlane alikuwa mtafiti. Kwa miaka mingi aliusoma ukoloni kama daktari anavyousoma ugonjwa, na alipoushika uongozi wa chama chenye silaha aliendelea kuuliza maswali ya darasani: watu hawa wataishije, watakula nini, na nani atawafundisha watoto wao?

Mtoto wa chifu

Alizaliwa Juni 20, 1920, katika eneo la Manjacaze, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji, akaitwa Chivambo. Baba yake alikuwa chifu wa Watsonga, naye alifariki dunia mwanawe akiwa bado mdogo. Gaza haikuwa nchi iliyousahau utawala wake wa zamani. Ni robo karne tu ilikuwa imepita tangu Wareno wamteke Gungunhana, mtawala wa dola ya Gaza, mwaka 1895, na kumpeleka uhamishoni katika visiwa vya Azores, alikofia mwaka 1906. Wazee waliomlea kijana huyo walikuwa wameyaona hayo kwa macho yao.

Alichunga mifugo hadi alipokaribia miaka 12, ndipo akaanza masomo katika shule ya wamisionari wa Kipresbiteri kutoka Uswisi. Mmisionari mmoja, André-Daniel Clerc, alikuja kuandika kitabu kuhusu utoto wa mwana wa chifu, Chitlangou, ambacho kwa hakika kilikuwa ni maisha ya Mondlane yaliyovikwa jina jingine. Kwa hiyo kabla hajawa mtafiti wa watu wengine, yeye mwenyewe alikuwa ameshaandikwa na mgeni. Haikuwa hali ngeni kwa Waafrika wa zama hizo.

Elimu ya Mwafrika katika Msumbiji ya Wareno ilikuwa na dari fupi. Shule nyingi za wenyeji zilikuwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki, zikifundisha Kireno, dini na kazi za mikono, na mlango wa shule ya sekondari ulikuwa kama umefungwa. Mondlane aliuzunguka mlango huo kwa kupitia misheni za Kiprotestanti. Alikwenda Cambine, kwenye kituo cha Wamethodisti, akajifunza kilimo cha nyanda kame na kuwafundisha wakulima. Kisha mwaka 1944 akavuka mpaka kuingia Afrika Kusini, akasoma sekondari katika shule ya Lemana huko Transvaal, akiwa mtu mzima wa miaka 24 aliyeketi na vijana wadogo.

Kutoka Lemana aliendelea na shule ya ustawi wa jamii ya Jan Hofmeyr mjini Johannesburg, na mwaka 1948 akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka huohuo chama cha National kilishika madaraka na kuanza kuujenga mfumo wa ubaguzi wa rangi. Mwafrika wa kigeni katika chuo cha Wazungu hakuwa na nafasi tena, na mwaka 1949 Mondlane alinyimwa kibali cha kuendelea kuishi nchini humo.

Aliporudi nyumbani alikuta polisi wakimsubiri. Alihojiwa kwa sababu ya umoja wa wanafunzi wa sekondari Waafrika, NESAM, aliokuwa mmoja wa waliouanzisha. Wakuu wa koloni waliona kwamba kijana mwenye kichwa cha namna ile, akiachwa mitaani, ataleta taabu, na kwamba akipelekwa Ureno huenda akaiva na kuwa Mreno mweusi mtiifu. Mwaka 1950 akaingia Chuo Kikuu cha Lisbon kwa ufadhili wa mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani.

Huko Lisbon mpango wa watawala ulikwenda kinyume. Alikutana na Agostinho Neto wa Angola na Amílcar Cabral wa Guinea, vijana waliokuwa katika njia ileile. Ni vigumu kuipata serikali nyingine ya kikoloni iliyowakusanya maadui wake wa baadaye katika mji mmoja na kuwafundisha yenyewe. Polisi wa siri, PIDE, walimfuata kila alipokwenda, hadi akaomba ufadhili wake uhamishiwe Marekani.

Mwanafunzi mzee wa Ohio

Alifika Chuo cha Oberlin, jimboni Ohio, mwaka 1951, akiwa na miaka 31, na mwaka 1953 akahitimu shahada ya kwanza katika anthropolojia na sosholojia. Akahamia Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, ambako Melville Herskovits alikuwa ameanzisha kituo cha mwanzo kabisa cha masomo ya Afrika katika vyuo vikuu vya Marekani. Alipata uzamili mwaka 1955 na uzamivu mwaka 1960, na katikati yake alitumia mwaka mmoja Harvard. Tasnifu yake haikuihusu Msumbiji moja kwa moja. Ilichunguza migongano ya nafasi anazobeba mtu katika jamii, makundi anayojilinganisha nayo, na rangi. Lakini msomaji akizikumbuka njia alizopita, kutoka zizi la ng'ombe hadi Johannesburg, Lisbon na Evanston, hatashangaa kwa nini swali hilo lilimgusa.

Mwaka 1956 alimwoa Janet Rae Johnson, Mmarekani mweupe kutoka Indiana, waliyekutana katika kambi ya vijana wa kanisa huko Wisconsin. Wakati huo ndoa ya namna hiyo ilikuwa kosa la jinai katika majimbo mengi ya Marekani. Baadaye, Dar es Salaam, ilitumiwa kama fimbo ya kumchapia kisiasa.

Mwaka 1957 akaajiriwa na Umoja wa Mataifa mjini New York kuwa ofisa wa utafiti katika Idara ya Udhamini, iliyosimamia maeneo yaliyokuwa yakielekea kujitawala. Tanganyika ilikuwa mojawapo, na Julius Nyerere alikuwa amekwisha kufika mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955 kudai haki ya nchi yake. Urafiki wa watu hawa wawili ulianzia katika mazingira hayo. Kazi ya Mondlane ilikuwa ya makaratasi: kukusanya taarifa, kupima hali za nchi, kuandaa ripoti. Alishiriki katika shughuli za kura ya maoni ya Februari 1961 katika Kameruni iliyokuwa chini ya Uingereza, ambapo kaskazini iliamua kujiunga na Nigeria na kusini kujiunga na Kameruni iliyokuwa ya Wafaransa. Aliona kwa macho yake namna nchi inavyoweza kuamua mustakabali wake bila risasi kulia.

Ni vizuri kulisisitiza hilo, maana wengi humfikiria kama mtu aliyependa vita tangu mwanzo. Mtumishi wa Umoja wa Mataifa haruhusiwi kufanya siasa za nchi yake, na Mondlane alikaa miaka 4 mezani akitazama mlango wa amani unavyofunguliwa kwa Tanganyika, kwa Togo na kwa Kameruni, huku kwa Msumbiji ukifungwa. Ureno ilijiunga na Umoja wa Mataifa Desemba 1955, ikaulizwa kama ilikuwa na makoloni ambayo ilipaswa kuyatolea taarifa. Ikajibu kwamba haikuwa na koloni hata moja. Mwaka 1951 ilikuwa imebadili sheria na kuyaita makoloni hayo mikoa ya ng'ambo, sehemu ya Ureno yenyewe kama ilivyo Lisbon. Mwanazuoni wa Brazil, Gilberto Freyre, alialikwa kuizunguka mikoa hiyo, na nadharia yake kwamba Mreno ana kipaji cha pekee cha kuchanganyika na watu wa nchi za joto ikageuzwa kuwa ngao ya kidiplomasia.

Hapa ndipo utafiti wa Mondlane ulipokuwa na makali. Hakuijibu nadharia kwa kelele. Aliijibu kwa takwimu za Wareno wenyewe. Kama Ureno haikuwa na ubaguzi, na kila Mwafrika angeweza kuwa raia kamili kwa kupata hadhi ya assimilado, waliokwisha kuipata ni wangapi? Sensa ya mwaka 1950 ilionyesha kuwa hawakufika 5,000 kati ya Waafrika zaidi ya milioni 5. Waliobaki walikuwa chini ya sheria ya wenyeji: walitembea na kitambulisho maalumu, walilazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa kampuni kwa bei iliyopangwa na serikali, na waliweza kukamatwa na kupelekwa chibalo, yaani kazi ya shuruti. Makumi ya maelfu ya wanaume wa kusini walikwenda kila mwaka kuchimba dhahabu Afrika Kusini kwa mkataba kati ya serikali mbili, na sehemu ya ujira wao ilipitia mikononi mwa Wareno. Mfumo mzima wa uchumi ulisimama juu ya migongo ya watu ambao karatasi za New York ziliwaita Wareno.

Mwanzoni mwa 1961 aliitembelea Msumbiji na familia yake. Kwa kuwa alikuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa, hawakuweza kumgusa. Watu walifurika kumwona kila alikofika, na makachero wa PIDE waliandika kila walichokisikia. Miezi michache kabla yake, Juni 16, 1960, askari walikuwa wamewafyatulia risasi watu waliokusanyika kwa amani huko Mueda, katika nchi ya Wamakonde. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. FRELIMO ilitaja zaidi ya 500. Mondlane aliporudi New York alijiuzulu. Wareno walijaribu kumvuta upande wao kwa kumpa kazi, akakataa. Alikwenda kufundisha anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Syracuse, alikosaidia kujenga programu ya masomo ya Afrika Mashariki. Kazi ya chuo ilimpa alichonyimwa na Umoja wa Mataifa: uhuru wa kusema.

Vyama vitatu, mji mmoja

Dar es Salaam ya mwaka 1962 ilikuwa na vyama vitatu vya Wasumbiji, na kila kimoja kilikuwa na historia ya nchi tofauti iliyokipokea. UDENAMO kiliundwa na wahamiaji huko Bulawayo, Rhodesia. MANU kilitokana na Wamakonde waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge na bandarini, Tanganyika na Kenya. UNAMI kilizaliwa Nyasaland. Nyerere aliwataka waungane, na Juni 25, 1962, wakaunda FRELIMO. Mondlane alichaguliwa kuwa rais, na Mchungaji Uria Simango makamu wake. Msomi huyo alikuwa na faida moja kubwa: hakuwa wa chama chochote kati ya vitatu. Udhaifu wake ulikuwa huohuo, kwani hakuwa na watu wake mwenyewe.

Baada ya mkutano mkuu wa kwanza wa Septemba 1962 alirejea Syracuse kumalizia mkataba wake wa kufundisha. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, huo ulikuwa uamuzi wa gharama kubwa. Chama kichanga kilianza kupasuka mwenyewe akiwa mbali. Katika nafasi ya juu aliachwa mtu aliyejiita Leo Milas, aliyedai kuwa Mmsumbiji. Wanachama waanzilishi waligombana naye, wengine wakafukuzwa, na baadaye ikathibitika kwamba Milas alikuwa Mmarekani mzaliwa wa Texas ambaye hakuwa na uhusiano wowote na Msumbiji. Alifukuzwa mwaka 1964, lakini waliokwisha kuondoka hawakurudi wote.

Mondlane alihamia Dar es Salaam mwaka 1963. Kwanza hakujenga kambi, alijenga shule. Taasisi ya Msumbiji huko Kurasini, iliyoongozwa na Janet, iliwapokea vijana waliovuka Ruvuma bila elimu ya kutosha. Mfuko wa Ford wa Marekani ulitoa fedha za kuanzia; Ureno ilipolalamika, fedha zikakatika, na wafadhili wa Skandinavia na makanisa wakachukua nafasi hiyo. Mwaka huohuo Mondlane alionana na Robert Kennedy mjini Washington, akijaribu kuishawishi Marekani iache kuibeba Ureno.

Hesabu za usalama wa kimataifa zilikuwa dhidi yake. Ureno ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO, na kambi ya anga ya Lajes katika visiwa vya Azores, vilevile alikofia Gungunhana, ilikuwa kituo muhimu kwa ndege za Marekani zinazovuka Atlantiki. Serikali ya Kennedy iliyoanza kwa kuikemea Ureno ililegeza sauti mkataba wa kambi hiyo ulipokaribia kwisha. Silaha za muungano wa kujilinda na Wasovieti zikawa zinatumika katika misitu ya Afrika. Mondlane alilieleza jambo hilo katika kila jukwaa alilopata, kwa lugha ya mhadhiri, na bado alikataa kuufunga mlango wowote. Alipokea msaada wa Algeria, China na Umoja wa Kisovieti, huku akitumia miezi mingi kuzungumza na Wasweden na wachungaji wa Kiprotestanti. Wapo waliomwita kibaraka wa Wamarekani, na wapo waliomwita mkomunisti. Wote walikuwa wakimsema mtu mmoja, wakati mmoja.

Vita na pamba

Kundi la kwanza la wapiganaji lilipelekwa Algeria kwa mafunzo. Waliporudi walipokelewa Tanganyika, kwanza Bagamoyo, kisha Kongwa na baadaye Nachingwea. Lilikuwa jambo zito kwa nchi iliyoshuhudia jeshi lake lenyewe likiasi Januari 1964. Kuwapa wageni kambi yenye silaha miezi michache baada ya maasi hayo kulihitaji serikali yenye imani kubwa, au yenye ujasiri mkubwa.

Septemba 25, 1964, kikundi kilichoongozwa na Alberto Chipande kilikishambulia kituo cha utawala cha Chai, mkoani Cabo Delgado. Kwa hesabu za Mondlane mwenyewe, vita vilianza na wapiganaji wapatao 250. Kufikia 1967 walikuwa 8,000. Upande wa pili, Ureno iliongeza askari hadi makumi ya maelfu. Vijiji vilichomwa, na maelfu ya watu wakavuka Ruvuma. Wanavijiji wa Lindi, Mtwara na Songea waliishi na wakimbizi hao kwa miaka, katika makazi kama Rutamba na Muhukuru, na mara kadhaa mabomu ya Wareno yaliangukia upande wa Tanzania.

Katika maeneo yaliyokombolewa Cabo Delgado na Niassa, mtafiti alikutana na swali lake la zamani likiwa na sura mpya. Maduka ya Wahindi na Wareno yalikuwa yamefungwa, watu hawakuwa na chumvi, nguo wala majembe. FRELIMO ilianzisha ushirika, ikanunua korosho, karanga na mbegu za mafuta kwa wakulima na kuzisafirisha kupitia Tanzania, ili bidhaa zirudi. Ni nani angesimamia biashara hiyo, na faida ingekuwa ya nani? Lazaro Nkavandame, mfanyabiashara na kiongozi wa Wamakonde aliyewahi kuanzisha ushirika wa pamba chini ya pua za Wareno, aliona kwamba wenyeviti wa eneo ndio wenye haki hiyo. Viongozi wa jeshi, akiwemo Samora Machel aliyechukua nafasi ya Filipe Magaia aliyeuawa mwaka 1966, waliona kuwa huo ni unyonyaji uleule uliobadili rangi.

Mgogoro huo haukuwa wa itikadi peke yake. Wamakonde walibeba mzigo mkubwa wa vita, na wengi wao waliona wakuu wa chama wanatoka kusini, kwa kina Mondlane na Machel. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na historia rasmi iliyoandikwa baadaye, iliyowagawa watu wote kuwa wanamapinduzi na wasaliti, haikuitendea haki.

Mwaka 1968 ulianza vibaya. Machi, wanafunzi wa Taasisi ya Kurasini waligoma, wakichochewa na Padri Mateus Gwenjere, aliyepinga walimu Wazungu na amri ya kuwataka wanafunzi waende vitani badala ya kupewa nafasi za masomo ng'ambo. Shule ikafungwa. Mei, kundi la watu lilivamia ofisi ya FRELIMO Dar es Salaam, na Mateus Sansão Muthemba akafa kwa majeraha aliyoyapata. Nkavandame na wenzake walidai mkutano mkuu ufanyike kusini mwa Tanzania. Mondlane aliufanya ndani ya Msumbiji, huko Matchedje katika mkoa wa Niassa, Julai 1968, ndege za Wareno zikitafuta mahali walipo. Alichaguliwa tena. Nkavandame hakuhudhuria.

Desemba, Paulo Kankhomba, kamanda aliyekuwa akivuka Ruvuma kwenda Cabo Delgado, aliuawa mpakani, na wafuasi wa Nkavandame wakatajwa. Januari 1969 FRELIMO ilimsimamisha Nkavandame. Miezi michache baadaye alijisalimisha kwa Wareno.

Kifurushi

Jumatatu ya Februari 3, 1969, Mondlane alipita ofisini, akachukua barua zake, akaenda katika nyumba ya rafiki wa familia Oyster Bay, mahali alipozoea kufanya kazi bila kusumbuliwa. Kati ya barua hizo kulikuwa na kifurushi chenye umbo la kitabu. Kwa mtu wa aina yake, hakuna kitu cha kawaida zaidi ya kutumiwa kitabu. Alipokifungua kililipuka, naye akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 48.

Polisi wa Tanzania, wakisaidiwa na wenzao wa ng'ambo, walizifuatilia betri za bomu hilo hadi kwa muuzaji mjini Lourenço Marques, jina la Maputo wakati huo. Vifurushi vingine vya namna hiyo vilikuwa vimeelekezwa kwa Simango na kwa Marcelino dos Santos. Wachunguzi na wanahistoria wengi huinyooshea kidole PIDE, na jina linalotajwa zaidi ni la Casimiro Monteiro, wakala wa asili ya Goa aliyehusishwa pia na mauaji ya Jenerali Humberto Delgado, mpinzani wa utawala wa Ureno, mwaka 1965. Lakini bomu lililotengenezwa mbali lilihitaji mkono wa karibu wa kulipenyeza katika barua za rais wa FRELIMO. Majina ya Nkavandame na ya Silvério Nungu yametajwa mara nyingi katika jambo hilo. Hakuna aliyewahi kushitakiwa.

Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa la Kilutheri la Azania Front, Nyerere akiwapo. Kasisi aliyehubiri, Edward Hawley, alikuwa rafiki yake tangu Oberlin. Mondlane alizikwa Kinondoni.

Kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji kilichapishwa London mwaka huohuo, mwandishi wake akiwa ameshakufa. Ukikisoma leo utashangaa jinsi kilivyo na utulivu. Sura za mwanzo ni za mwanasayansi ya jamii, zenye majedwali ya shule, ujira na pamba. Risasi huja baadaye, kama jibu la swali ambalo tayari limeulizwa kikamilifu.

Uongozi wa watu watatu uliomrithi, Simango, Machel na dos Santos, haukudumu mwaka. Novemba 1969 Simango aliandika waraka akiwashutumu wenzake kwa mauaji na ukabila, akafukuzwa, na mwaka 1970 Machel akawa rais wa chama. Utawala wa kidikteta wa Ureno uliangushwa na wanajeshi wake wenyewe Aprili 25, 1974, na Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975, miaka 13 kamili tangu siku ile vyama vitatu vilipoungana Dar es Salaam. Simango, Nkavandame na Padri Gwenjere waliishia mikononi mwa serikali mpya. Waliuawa bila kufikishwa mahakamani, na kwa miaka mingi familia zao hazikuambiwa lolote.

Kama Mondlane angeishi, wangeuawa? Wapo Wasumbiji wanaojibu bila kusita kwamba asingeruhusu. Wengine hukumbusha kwamba vita vina mantiki yake, na kwamba hata mtu mpole hawezi kuuongoza muungano unaovunjika huku adui akiwa mlangoni. Linalojulikana ni kwamba hadi mwezi wa mwisho wa maisha yake alikuwa bado anakaa kikaoni na wapinzani wake, akiwabishia kwa hoja, jambo lililowakera hata baadhi ya waliomuunga mkono.

Mwaka 1979 mabaki yake yalifukuliwa Kinondoni na kupelekwa Maputo, yakazikwa upya katika Uwanja wa Mashujaa. Faili la mauaji yake nchini Tanzania halijawahi kufika mbele ya hakimu.